Ungo wa Simu

Nilisikia kikohozi changu kikitoka kwenye simu ya mtu nisiyemjua. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya gulio, kwenye mashine ya kusaga pale Nyamwaga. Mwenye mashine alikuwa amezima injini ili abadili chekeche, na katika ukimya ule wa ghafla simu ikaita mfukoni mwa mwanamume aliyekuwa amekalia gunia lake la mtama. Iliita kwa nyuzi za litungu, kinubi cha wazee wetu. Kisha ikaingia sauti ya mzee, ikiimba kwa lugha ya kwetu: uliniita mara tatu. Kati ya "uliniita" na "mara tatu" mtu akakohoa, kikohozi kifupi, cha mtu anayejiziba kwa kiganja. Mtu huyo ni mimi.

Mzee anayeimba ni mjomba wangu. Anayeimbiwa ni mama yangu, ambaye siku ile ya wimbo alikuwa na siku tatu kaburini.

"Si upokee, mura," mwanamke mmoja alimwambia mwenye simu. "Au unangoja akuite mara ya tatu?"

Watu wakacheka. Nadhani hata mimi nilionyesha meno.

Nyumba tuliyokulia ilikuwa na redio moja. Betri zake zikichoka, baba alizianika juani juu ya jiwe, akazigeuzageuza kama anayeanika dagaa. Saa saba mchana ilikuwa marufuku kupiga kelele. Baada ya habari yalikuja matangazo ya vifo, na mama aliacha kusonga ugali, mwiko mkononi, mpaka yaishe. Habari zilikuja moja moja, na kila habari ilikuwa na mtu aliyeitamka. Msiba wa karibu haukungoja redio. Mtu alitembea kwa miguu kutoka Kisaka, akakaribishwa kiti, akanywa maji, akauliza mvua na mifugo, ndipo akasema kilichomleta. Nilipokuwa mtoto utaratibu ule ulinichosha. Nilitaka mgeni aseme upesi, nikacheze.

Muziki nao ulikuwa na mwenyewe. Ukitaka litungu la mjomba, ulikwenda Kisaka ukamkuta mjomba. Hukuweza kuubeba wimbo ukamwacha mtu. Zilipokuja kaseti, moja ilirekodiwa kwenye harusi ya kwetu, ikazunguka ukoo mzima mpaka utepe ukavutika na mjomba akawa anaimba kama mlevi. Lakini ilikuwa kaseti moja. Ikipotea, mama alijua mlango wa kwenda kubisha.

Habari ya kifo cha mama niliipata nikiwa mbele ya darasa la tano, shuleni ninakofundisha Kiswahili, huku Kenyamonta. Simu ilitikisika mezani, nikaona kwenye kundi la ukoo mikono inayoomba, jozi kumi na moja zimepangana, na chini yake mtu ameandika "pole kwa wafiwa." Sikujua mfiwa ni nani. Nilianza kuandika na mimi pole yangu. Kaka yangu alipiga baadaye, nikiwa nimeshajua.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa natafuta vocha."

Wa mwisho kupata habari alikuwa mjomba. Kwake hakuna umeme, kwa hiyo kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, hukipeleka kwenye kibanda cha kuchajia pale senta ya Kisaka. Wiki ile ng'ombe wake walikuwa wanaugua kwato, akakiacha siku mbili. Siku ya mwisho ya uhai wake mama alimpigia mara tatu. Mwenye kibanda aliona kioo kikiandika "Dada," mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakupokea. Utaratibu wake ni kutopokea simu za wateja, na ni utaratibu mzuri. Mjomba alipokwenda kuichukua simu yake, dada yake alikuwa anaoshwa.

Asiye wa kwetu anaweza kudhani hilo ni jambo la bahati mbaya tu. Kwetu lina uzito wake. Ng'ombe waliotolewa kumwoa mama ndio mjomba alioolea mke wake. Ndugu wawili waliounganishwa hivyo hawaachani maisha yote. Dada akiita, kaka anakuja, hata kama ameshika jembe, hata kama amegombana naye jana yake. Mama aliita mara moja tu katika maisha yake, nikihesabu zile simu tatu kuwa wito mmoja, na mjomba hakwenda.

Siku ya tatu baada ya mazishi alifika Nyamwaga amebeba litungu begani. Nyuzi nane za mishipa ya ng'ombe, ngozi mpya kifuani mwake. Aliketi uani karibu na kaburi, sisi tukamzunguka. Kabla ya kugusa uzi alisema:

"Nina maneno ya dada yangu. Si ya kwenda Mwanza wala Nairobi. Leteni ungo. Simu yenu yote iingie hapa."

Kiswahili cha mjomba ndivyo kilivyo. Kwake simu ni "simu yangu" ikiwa moja na "simu yangu" zikiwa kumi. Darasani ningemwekea alama nyekundu.

Kaka yangu akachukua ungo wa mama, ule wa kupepetea ulezi, akauzungusha. Watu waliweka simu zao kama wanaotoa sadaka. Mzee mmoja jirani alisita.

"Na mimi niweke? Yangu haina hata kamera."

"Weka," mjomba alisema. "Ina masikio."

Ungo uliponifikia niliweka kitochi changu, ninachotumia kwa miamala na kwa simu za shule. Mjomba alikuwa ananitazama, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Simu yangu kubwa ilikuwa imefungwa kwenye fundo la kitenge, na tayari ilikuwa inarekodi.

Nilikuwa na sababu. Mdogo wangu, anayeishi Sirari, alikuwa hospitalini, amejifungua kwa operesheni siku ileile tuliyomzika mama. Hakumwona akilazwa udongoni, na hakuna aliyejua lini mjomba angepiga tena litungu kwa ajili ya mama. Nilijiambia kwamba sikuwa nakiuka chochote, ila nilikuwa nampelekea mtoto wa marehemu sehemu yake ya msiba.

Mjomba aliimba kwa muda unaotosha kuchemsha maharage. Aliyoyasema ni ya kwake na sitayarudia yote hapa, ingawa sasa yanasikika kwenye simu za watu. Alimwambia mama kwamba alioa kwa ng'ombe wake. Alimwambia kwamba sikio lake alikuwa ameliacha kibandani. Kisha: uliniita mara tatu. Hapo kifua kilinibana. Ninacho kifua kibovu, kama cha mama, nacho ndicho kilichomwua. Nikakohoa ndani ya kiganja, simu ikiwa shubiri mbili chini yake.

Alasiri ileile nilimrushia mdogo wangu. Nikaongeza maneno kwa sauti: "Sikiliza, kisha futa. Kwenye ungo niliweka kitochi tu. Usimpe mtu." Akajibu: "Nimefuta. Nimelia mpaka mshono unauma." Mimi sikufuta.

Sasa narudi pale mashineni. Yule mwanamume alipomaliza kuongea na simu nilimsogelea.

"Samahani kaka, huo mlio umeutoa wapi?"

"Umeupenda? Nikurushie?" Lafudhi yake ilikuwa ya Shinyanga. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu la machimboni.

"Unajua anasema nini?"

"Sijui, dada yangu. Si anasifia ng'ombe? Nyie huku kuna wimbo usio na ng'ombe?"

Aliniambia kwamba mashimoni kila mtu anao. Upo hata uliotiwa ngoma chini yake, unachezeka. Wa kwake aliwekewa na kijana mwenye kompyuta pale senta ya Nyamwaga, anayeingiza nyimbo kwenye kadi za simu. Walioelewa maneno waliupenda kwa sababu unachekesha: simu inakuita na yenyewe inakusuta kwamba umeitwa mara tatu. Wasioelewa waliupenda kwa nyuzi zake. Nilisimama pale na debe langu la mahindi nikielewa kwamba hakuna mtu hata mmoja katika hao aliyekuwa na ubaya na mama.

Ubaya ulimfikia mjomba. Kwenye mnada wa ng'ombe, akinyoosha fimbo kutaja bei, mtu hupaza sauti kutoka nyuma: "Huyo hasikii! Mwiteni mara tatu!" Alikwenda minada miwili, wa tatu hakwenda. Alizikata nyuzi zote nane za litungu. Kisha akamtumia kaka yangu ujumbe kupitia kwa mkewe: ungo ulikuwa mikononi mwako, simu zote zilikuwa kwako, usinisalimu tena. Na matanga hayawezi kumalizwa bila mjomba. Mama angebaki hivyo, msiba wake haujafungwa, mpaka kaka wa marehemu aje.

Kaka alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa kibao asichojua kimetoka wapi.

"Dada, wewe ulikuwepo. Mimi ule ungo niliufunika kwa kanga nikaukalia karibu. Nani angeweza?"

Nilimwambia pole. Hilo tu ndilo nililomwambia, na bado naona aibu kuliandika.

Niliposhindwa kuikabili lawama yangu nilikwenda kutafuta ya mwingine. Nilimpa siri mtu mmoja tu, basi mtu huyo ndiye. Nilikwenda Sirari nikiwa nimepanga maswali yangu kama ninavyopanga somo.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani akinyonyesha.

"Nilifuta," alisema kabla sijamaliza kuuliza.

"Shemeji je?"

"Shemeji yako hata picha hajui kuzifungua."

"Nani mwingine alishika simu yako?"

"Dada, unanihoji kama askari wa mpakani. Una mhuri?"

"Nauliza tu."

"Basi na mimi niulize. Mimi ndiye niliyeweka kitochi kwenye ungo?"

Mtoto aliachia ziwa, akalia, akarudishwa. Ndipo mdogo wangu akaniambia, akiwa anamtazama mtoto na si mimi, kwamba wodini alikuwapo mama wa kitanda cha pili, ambaye pia alikuwa amefiwa na mama yake. Waliusikiliza pamoja. Yule mama aliomba arushiwe, akakataliwa. Halafu mdogo wangu alikwenda chooni, taratibu, kwa sababu ya mshono, simu ikabaki kwenye shuka. Aliporudi ndipo akafuta.

"Kwa hiyo ni yule mama," nilisema.

"Sijasema hivyo. Nimesema simu ilibaki kwenye shuka."

Nilirudi nikiwa na hasira naye. Nilimwona msaliti aliyekalia usaliti wake akimnyonyesha mtoto. Gari lilipokaribia Nyamwaga ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekiruka kwenye maswali yangu yote, pengine makusudi. Siku ya pili baada ya wimbo, simu yangu ilikuwa imejaa. Niliipeleka kwa yule kijana wa kompyuta ahamishie picha za mazishi kwenye kadi. Nikamwachia, bila neno la siri, nikaenda kununua sukari. Nilichukua saa nzima.

Nilishuka hapohapo. Kijana alinipokea kwa heshima. Niliwahi kumfundisha mdogo wake.

"Mwalimu, mimi nyimbo sizisikilizi. Mtu analeta, naingiza. Mwingine analeta, naingiza."

"Huu aliuleta nani?"

Alitafuta kwenye kioo. Wimbo ulikuwepo, kati ya mamia, umeandikwa "Mara Tatu Mpya." Nilimwomba anionyeshe tarehe ulipoingia. Ikiwa ni siku ile niliyonunua sukari, wimbo umetoka kwangu. Ikiwa ni baadaye, umepita Sirari. Niliwaza hivyo kwa utulivu, kama nasahihisha hesabu ya mtu mwingine.

Tarehe ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma, mama akiwa mzima analima. Wimbo uliofuata ulikuwa na tarehe hiyohiyo. Na wa chini yake pia.

"Betri yake ya ndani imekufa," kijana alisema. "Hii mashine ikizimika tu inasahau leo ni lini. Umeme wetu nao unaujua."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kisaka kumwambia mjomba. Nilikuwa nimeyaandaa maneno: kaka hana kosa, ni mimi, nilificha simu, kikohozi ni changu. Nilimkuta jikoni kwa mkewe, moto unafuka, litungu limetundikwa ukutani bila nyuzi, kama fuvu la mnyama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja peke yako, au na fimbo?"

Nilikaa. Nilipewa uji. Nikanywa nusu nikitafuta pa kuanzia, ndipo akaanza yeye.

"Umeusikia huo wimbo wao?"

"Nimeusikia."

"Mimi wa kwanza kunisikilizisha alikuwa ananicheka, pale mnadani. Nikamwambia, kijana, rudia. Akarudia. Nikamwambia, rudia tena. Akaacha kucheka." Aliweka kikombe chini. "Umesikia mama yako anavyokohoa?"

Nilikoroga uji wangu.

"Nimesema, uliniita mara tatu. Sijamaliza, amekohoa. Ndivyo alivyokuwa tangu msichana. Ukimkosea hasemi, anakohoa tu, basi, yameisha. Siku ile uani sikumsikia, nyuzi zilikuwa zinanipigia kelele masikioni. Kaka yako ni mwizi, na nimesema asinisalimu. Lakini huo wizi wake umeniletea jibu."

"Mjomba, uani tulikuwa wengi. Mtu yeyote anaweza kukohoa."

"Wewe ulikaa karibu yangu. Nani alikohoa?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ningemrudishia kaka yangu jina lake safi, na katika pumzi hiyohiyo ningemnyang'anya mjomba sauti ya dada yake. Jambo lile moja lilibeba yote mawili. Hapakuwa na namna ya kutoa moja na kuacha jingine.

"Sikumbuki," nilisema.

Alichochea moto. Moshi wa kuni mbichi ukanijia usoni, nikajiziba kwa kiganja, lakini kifua hakikunisikiliza. Kikohozi kilitoka, kifupi, kilekile.

Mjomba alibaki ameshika kijinga cha moto. Ni mtu aliyesikiliza nyuzi nane maisha yake yote na kujua ni upi umelegea. Alitazama uso wangu, halafu fundo la kitenge changu, halafu uso tena.

"Kunywa maji," alisema. "Hicho kifua ni cha kwenu."

Kisha akaniuliza shule inafunguliwa lini.

Jana kijana wa pikipiki alikuja shuleni. Si mtu wa huku. Alikuja kwenye dhahabu, haikumlipa, akageukia abiria. Nilidhani ameleta mzigo. Akasema ametumwa na mzee wa Kisaka, ambaye ameacha kabisa kutumia simu, na ameagizwa afanye kwa utaratibu. Kwa hiyo akaomba kiti. Akaomba maji, akayanywa yote. Akauliza wanafunzi hawajambo. Mimi nilimngoja, mtu mzima, nikitamani kama zamani mgeni aseme upesi.

"Mzee amefunga nyuzi mpya," alisema mwishowe. "Jumamosi anakuja Nyamwaga kumaliza matanga. Atapiga. Simu ziingie kwenye ungo kama siku ile. Lakini ungo usishikwe na kaka yako. Ushike wewe."

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema. Alisema tu mwalimu azungushe, na aanze na yake."

"Aanze na yake?"

"Ndiyo. Na simu yake."

"Alisema yake, au zake?"

Kijana alinitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa kitu ambacho hakikufundishwa. Alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Mwalimu, yule mzee Kiswahili chake unakijua. Na pikipiki ilikuwa inanguruma. Yake... au zake. Kweli sikushika."